Miche Iliyoota Bila Kijani

Habari ilinifikia Korogwe kwa mdomo wa utingo wa lori la mkonge. Nilikuwa kwenye kitalu cha serikali, nakagua miche ya michungwa, aliponiita kwa sauti kutoka juu ya mzigo.

"Bwana Shamba! Mama yako wa Kwedizinga anasema uje upesi. Shamba lake limeota weupe."

"Weupe gani?"

"Mimi kazi yangu kupakia na kupakua, bwana. Msomi ni wewe."

Lori likaondoka likirusha tope, nikabaki nimeshika mche mkononi.

Ni kweli, msomi nilikuwa mimi, na silisemi hilo kwa haya. Usomi wangu sikuachiwa na mtu. Baba alifariki nikiwa bado nasoma kwenye sakafu ya udongo. Nilikata kuni nikaziuza kituo cha reli, nikafagia ofisi za shamba la mkonge, nikavumilia njaa ya bweni ambayo wenzangu wengi iliwarudisha kwao, mpaka nikafika Uganda na kutoka huko na diploma ya kilimo. Niliporudi na kuteremka stesheni ya Korogwe, suruali yangu ya kaki imepigwa pasi mpaka mstari wake unakata, wenye vibanda vya chai walitoka nje kunitazama. Upande wetu wote wa Handeni hakuna aliyekuwa amerudi na karatasi ya aina ile. Wazungu wa idara walinisalimia kwa kunishika mkono. Haya yote ni kweli, na anayetaka kubisha abishe.

Lakini neno lile, weupe, lilinitia hofu. Mvua za vuli zilizotangulia hazikunyesha. Mahindi ya akiba ya mama yalikuwa yamekwisha, na mbegu ya mwisho ndiyo aliyoipanda masika. Tena palikuwa na jambo jingine. Baba alipofariki, mama alikataa kuhamia uani kwa mdogo wa marehemu, kama ilivyozoeleka. Ukoo ulikaa, wakabishana, wakakubaliana hivi: shamba likimlisha, nyumba ni yake. Shamba likishindwa kumlisha, atahama, awe mtu wa kupimiwa unga na mke wa mwingine. Miaka yote ile shamba lilikuwa halijashindwa. Nilisoma nikijua kwamba kule nyuma mama yangu anapika kwenye jiko lake.

Niliomba ruhusa kazini. Nikafunga hadubini yangu ndani ya blanketi. Niliinunua Kampala kwa mshahara wangu, kwa daktari wa Kihindi aliyekuwa anafunga zahanati yake, na hata bwana mkubwa wa idara alikuwa akiiazima kwangu. Kabla ya kupanda lori nilishuka mtoni, nikachuma majani ya gugu la majini nikayatia kwenye chupa ya jamu yenye maji. Sikujua bado nitayatumiaje. Mtu mwenye wasiwasi hubeba kila kitu.

Mama nilimkuta amesimama kando ya shamba, kanga imemlowa mabegani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Usiingie. Limefungwa."

Kwenye kijiti mwanzoni mwa shamba palikuwa na fundo la jani kavu la mgomba. Kwetu fundo lile lina maana moja. Mkubwa wa ukoo amelifunga shamba, na hakuna mguu wala jembe litakaloingia mpaka alifungue mwenyewe.

Nikatazama. Mahindi yalikuwa yameota vizuri, urefu wa kiganja, yamejipanga kwenye mistari. Lakini katikati ya yale ya kijani, hapa mmoja, pale mmoja, palikuwa na miche myeupe. Si ya njano, wala si yenye madoadoa. Ilikuwa myeupe kama maziwa, kuanzia kwenye udongo hadi kwenye ncha, na mvua ilipoipiga iling'aa. Kusema kweli ilikuwa mizuri.

"Shemeji amesema udongo umevaa sanda," mama alisema. "Amesema shamba lililovaa sanda huachwa, lisiguswe mpaka masika ijayo. Wazee wakikaa na kukubali, basi."

"Mpaka masika ijayo utakula nini?"

Aliyejibu ni shangazi, dada yake baba, aliyekuwa anakuja nyuma yetu na jani la mgomba kichwani kama mwavuli.

"Atakula diploma! Si umeirudisha na lori? Haya, mwanangu, msomi wetu, yaambie hayo mahindi yavae nguo."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Yaambie kwanza, utanisalimia baadaye."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Shangazi ndiye aliyekuwa mtunza mbegu wa ukoo wetu. Mvua ikatukimbiza jikoni kwa mama, na pale ndipo nilipomwuliza shangazi habari za mbegu, maana fikra fulani ilikuwa imeanza kunisumbua.

"Mbegu ni ile ile," alisema, na kunionyesha dari lililokuwa jeusi kwa moshi. "Ya babu yako. Mimi ndiye ninayechagua mahindi ya mbegu, na ninachagua mazuri tu. Tunaipanda kule bondeni peke yake, mbali na mashamba ya watu. Wa Mashewa waliwahi kuleta mbegu yao, babu yako akawarudisha. Aliwaambia, mahindi yetu hatuyaozi kwa wageni."

"Tangu lini hayajachanganywa?"

"Tangu mimi sijazaliwa. Ni mbegu safi hiyo, mwanangu. Mpaka juzi."

Chuoni mwalimu wetu alikuwa ametuchorea jambo hili ubaoni mara moja tu, kwa haraka, kengele ikiwa karibu kulia. Alisema kwamba ndani ya jani mna vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo seli, na ndani ya kila seli ya jani la kijani mna chembe za kijani, kloroplasti. Jani si kijani lenyewe, ila hizo chembe ndizo kijani. Na si rangi ya urembo. Chembe zile hukamata mwanga wa jua, na kwa nguvu ya mwanga huo hupika maji yaliyopanda kutoka mizizini pamoja na hewa iliyoingia kwenye jani, zikatoa sukari. Mmea wote hula humo, na sisi tunaokula mmea pia. Kisha akasema kwamba mahindi yakizaana ndugu kwa ndugu muda mrefu, kasoro iliyojificha kwenye mbegu huweza kujitokeza, na mche ukazaliwa hauna kijani kabisa. Kengele ikalia.

Hilo ndilo nililokuwa nalijua. Mche wenyewe sikuwahi kuuona hata siku moja. Nikawa najiuliza: je, kama si hiyo? Kama ni ugonjwa unaoanza na michache na kumaliza shamba zima? Mwalimu yuko mbali, kitabu kimoja nilicho nacho hakina picha, na hapa watu wanataka jibu leo.

Baba mdogo, yule shemeji wa mama na mkubwa wa ukoo tangu baba afariki, alikuja baada ya sala ya alasiri, amevaa kanzu aliyoikunja mpaka magotini kwa ajili ya tope. Alikuwa mtu mpole, na hilo ndilo lililonitia hofu zaidi. Mtu mkali unaweza kugombana naye.

"Nimefurahi umekuja," aliniambia baada ya salamu. "Mama yako nimemwambia, nyumba ya uani nimeshaifagia. Hatakosa kitu."

"Baba, ile si sanda. Ni mahindi yaliyozaliwa hayana kijani."

"Nimeona kwamba hayana. Nauliza kwa nini."

"Nitakuonyesha. Nina chombo."

Akalitazama sanduku la hadubini. "Kile cha kutazamia wadudu?"

"Cha kutazamia kitu chochote."

"Basi nionyeshe. Wazee nitawaambia wasubiri. Lakini wakija, mimi ndiye nitakayewaambia nilichokiona, si wewe."

Asubuhi niliweka meza mlangoni kwa mama. Na hapo ndipo mbingu ziliponifungia. Hadubini yangu haikuwa na taa. Ilikuwa na kioo kidogo chini, cha kushika mwanga wa jua na kuurusha juu. Jua halikuwapo. Masika ilikuwa imelala juu ya Kwedizinga kama blanketi bichi. Watu walikuwa wanaishukuru mvua ile, na mimi nilikuwa nailaani kimoyomoyo. Baba mdogo alikaa kwenye kigoda na tasbihi yake. Shangazi alikuja na mahindi ya kukaanga, ya kununua, akasema hataki kutazama sinema na tumbo tupu.

Tukasubiri. Nilikigeuza kioo huku na huku. Nilisema maneno mengi juu ya lenzi, ya Kiingereza mengine, ili muda upite.

"Chombo chako nacho kinakula jua?" shangazi aliuliza.

"Kinahitaji mwanga."

"Basi ni mhindi mwenzao."

Wingu likapasuka kidogo. Nilitia jani la gugu la mtoni, nikaona liko sawa, nikamsogeza baba mdogo. Akasema "Bismillahi," akainama, akafumba jicho moja.

"Naona msitu mweusi," alisema taratibu.

"Huo ni ukope wako, baba. Fumbua jicho, usilibane."

"Ni ukope wangu?"

Shangazi alicheka mpaka mahindi yakamwagika. "Amesafirisha chombo kutoka Uganda aje amwonyeshe mtu ukope wake!"

Mimi sikucheka. Baba mdogo akainama tena, akakaa muda. Halafu mkono wake ulioshika tasbihi ukasimama.

"Kuna vyumba," alisema.

"Ndiyo. Hizo ni seli."

"Vimepangana kama matofali. Na ndani... ndani mna punje. Za kijani. Zimejipanga ukutani." Akainama zaidi. "Zinatembea."

"Gugu hili zinaonekana zikitembea. Maji ya ndani ya seli yanazizungusha."

"Nasema zinatembea! Zinafuatana kama mbuzi wanaokwenda mtoni. Nani anawachunga?"

Shangazi akamsukuma kwa bega ili naye aone, akasukumwa arudi. Huo ulikuwa mwanzo mzuri, na nilijivuna. Nani mwingine Handeni nzima angeweza kumwonyesha mzee wake kitu kile?

Nikatia kipande chembamba cha jani la mhindi wa kijani, nilichokikata kwa wembe kutoka kwenye mche uliokuwa umeota nje ya mpaka. Humo punje hazikutembea, lakini zilikuwapo, nyingi, zimejaa kila chumba. Kisha nikamwomba ruhusa ya kuchukua jani moja la mche mweupe. Alikwenda kulikata mwenyewe kwa mkono wake, maana shamba lilikuwa limefungwa na yeye ndiye aliyelifunga.

Alipotazama lile jeupe alikaa muda mrefu kuliko yote. Wingu lilikuwa linarudi, na nilikuwa naliona likija juu ya kichwa chake.

"Vyumba vipo," alisema mwishoni. "Wenyeji hawamo."

"Ndivyo. Zile punje ndizo majiko ya mmea. Jua ndilo moto wake. Mche huu umejenga nyumba, haukujenga jiko."

"Kama hauna jiko, umekulaje mpaka ukafika urefu huu?"

Hilo swali nililipenda. "Umekula mbegu. Ndani ya mbegu mna unga ambao mama yake aliuweka. Unga huo ukiisha, mche wa kijani unaanza kujipikia. Mweupe hauwezi. Utalala chini ufe."

"Na hii ya kijani? Haitavaa sanda?"

Hapa ningeweza kusema kwamba nadhani, kwamba naamini, kwamba chuoni walitufundisha hivi. Nikaona mama amesimama mlangoni, ameshika nguzo, ananitazama.

"Hata mmoja hautageuka," nilisema. "Nina diploma, baba. Ukigeuka hata mmoja, lichukue shamba."

Baba mdogo aliinuka, akakung'uta kanzu. "Nimesikia. Basi fundo litakaa pale pale. Asiingie mtu, asing'oe mtu. Myeupe ikifa yenyewe na ya kijani ikabaki kijani, nitalifungua. Ukigeuka mmoja, mama yako ahamie kwangu, na wewe usiniletee tena chombo."

Alipoondoka mama aliniambia maneno machache tu. "Ungesema angalau inshallah."

Siku zilizofuata ndizo nisizozisahau. Nilikuwa nimezoea mitihani, lakini mtihani una karatasi, una saa, unaandika unatoka. Huu ulikuwa unaota polepole mbele ya macho yangu na sina ruhusa ya kuushika. Nilikwenda kwenye fundo asubuhi, nikaenda adhuhuri, nikaenda jioni. Magugu yalianza kuinuka kati ya mistari, na hakuna wa kuyapalilia. Nilitazama mche mmoja mweupe uliokuwa karibu na kijiti, kila nikifika bado umesimama, mweupe, mnene, kama mtu anayekataa kulala. Nilianza kuuchukia. Unga wa mbegu ya babu ulikuwa mwingi kuliko nilivyodhani.

Mama naye alikuwa ananitazama mimi. Wakati mmoja, tukila uji, aliniuliza, "Wewe ulisema umejilea mwenyewe, sivyo? Nimesikia umewaambia watu Korogwe."

"Nimejisomesha mwenyewe, mama. Ni kweli."

"Ni kweli. Kula uji."

Nikala. Nilijua anakusudia nini, na nasema hadi leo kwamba nilijisomesha. Lakini uji ule ulikuwa wa unga wa kuazima.

Kisha mvua kubwa ikaja, ikanyesha bila kupumua, na ilipokatika nilikwenda shambani nikaona jambo lililonifanya niketi kwenye tope na suruali yangu. Upande wa chini wa shamba, ambako maji yalikuwa yametuama, mahindi ya kijani hayakuwa kijani tena. Yalikuwa yamepauka. Rangi ilikuwa ya limau bichi linaloiva, na mengine yalikwisha kuwa ya njano. Si meupe, bado. Lakini mtu akitafuta weupe angeuona unakuja.

Nilijiambia: mizizi imezama, haipati hewa, mmea una njaa, chembe zake zinadhoofu. Hilo nililijua vizuri, nililiona Uganda. Maji yakitoka yatapona. Halafu sauti nyingine ikaniambia: na kama umekosea?

Shamba sikuwa na ruhusa ya kulikanyaga. Lakini nje ya mpaka, upande wa chini, palikuwa na mfereji wa zamani wa babu uliokuwa umefukiwa na tope. Nikachukua jembe la mama. Nilichimba nimesimama nje, mguu wangu haukuvuka hata kwa kidole. Majirani walipita wakasimama. Mmoja akauliza kama kule Uganda wanatoa diploma ya mitaro. Nilichimba mpaka viganja, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa vimeshika kalamu, vikachubuka.

Baba mdogo akatokea. Nikangoja aseme nimevunja masharti. Alitazama miguu yangu, akatazama mpaka, akatazama maji ya njano yaliyoanza kusogea kwenye mfereji.

"Maji hayo unayapeleka wapi?"

"Kwenye korongo, baba."

"Si kwenye korongo. Hapo mbele mfereji umekatika. Unayapeleka kwenye mihogo yangu." Akavua kanzu, akaitundika kwenye mti, akabaki na fulana na shuka. "Lete hilo jembe. Na usidhani nimekuamini. Nailinda mihogo."

Tukachimba kwa zamu, yeye anachimba mimi nasukuma tope kwa mikono, mpaka maji yalipopata njia na kuanza kukimbilia korongoni. Aliyasikiliza kidogo, akachukua kanzu yake, akaenda.

Jua lilitoka, na lilipotoka liliimaliza ile miche myeupe. Ncha zake zilianza kukauka, rangi ya chai ya maziwa. Kisha ikajikunja, ikalala juu ya udongo kama karatasi iliyoloa, mmoja baada ya mwingine. Ule niliouchukia karibu na kijiti ulikuwa wa mwisho. Sikufurahi ulipoanguka, maana upande wa chini ile njano ilikuwa bado haijaondoka, na baba mdogo alikuwa amekuja na wazee wawili wa ukoo nyuma yake.

Alifungua fundo kwa muda, akaingia peke yake. Tulimtazama akitembea mistari yote. Alipofika chini aliinama juu ya mche uliopauka kuliko wote, akakaa hapo. Mama alikuwa kando yangu. Baba mdogo alikata jani, akarudi nalo kwenye kiganja, akatuongoza hadi kwenye meza yangu mlangoni kwa mama, akaliweka mbele yangu.

"Hili nimelichagua mimi. Liweke kwenye chombo. Mzee mwenzangu anasema hili tayari ni sanda."

Nilifanya haraka hata wembe ukanikata. Sikutazama kwanza, hapana, niliogopa. Niligeuza kioo kuelekea jua, nikazungusha lenzi kwa kukisia, nikasogea pembeni.

"Karibu, baba."

Aliinama. Safari hii hakuuliza habari za ukope. Alizungusha kwa mkono wake kile kirungu cha shaba, taratibu, kama nilivyokuwa nafanya mimi. Mjusi alipita ukutani.

"Wapo," alisema.

"Wapo, shemeji," alimwambia mama, jicho lake bado liko kwenye chombo. "Wamekonda. Wamepauka kama watu waliotoka kwenye homa. Lakini kila chumba kina watu." Akainuka, akawageukia wazee. "Hili si lile jeupe. Lile lilikuwa nyumba tupu. Tazameni wenyewe, lakini msibane jicho, mtaona ukope."

Walitazama. Mmoja aliona, mwingine nadhani aliona ukope na akaona haya kusema. Baba mdogo alikwenda kwenye kijiti, akachukua lile jani la mgomba, akalitupa korongoni, akamwambia mama, "Magugu yamekuzidi, shemeji. Ngoja niwaite watoto wa kwangu na majembe."

Mama aliingia shambani, akaanza kung'oa magugu kwa mikono. Sisi tukamfuata. Nilipalilia na suruali ile ile, na mstari wake wa pasi ulikufa siku hiyo.

Lilibaki suala la mbegu, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu lilikuwa la shangazi. Nilimweleza kwamba safari nyingine weupe utarudi, pengine mwingi zaidi, kama mahindi yetu yataendelea kuoana wenyewe kwa wenyewe, na kwamba inafaa tuyaoze kwa mbegu za nje. Alininunia. Alisema babu yangu angekuwa hai angenitandika na diploma yangu yote. Mwisho alisema, "Na hao wageni, ukoo wao unaujua?"

Mavuno ya mama hayakuwa makubwa, lakini yalitosha. Msimu uliofuata, kabla ya kupanda, nilishuka kutoka kwenye lori na mifuko ya mbegu niliyoichagua mwenyewe kwa wakulima wazuri wa Magoma na wa Mashewa. Nilitegemea ugomvi. Nilimkuta shangazi amevaa kanga mpya, amesimama mlangoni kwa mama na wanawake wa mtaani, na nilipouteremsha mfuko wa kwanza akapiga kigelegele kilichowashtua kuku.

"Wakwe wamefika!" alipiga kelele. "Wameletwa na mshenga mwenye diploma! Haya, wakaguzi wa bibi harusi njooni, tuone kama ana meno yote!"

Akatia mkono ndani ya mfuko, akachagua punje, akazitazama moja moja juani, akatupa zilizoliwa na fukusi, akanitukana kidogo kwa ajili ya hizo. Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye kigoda. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimekuja na chombo, na kama nimepita mtoni kuchuma lile gugu la wale wanaotembea. Nilikuwa nimepita.

Mama hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amepanda juu ya kinu kilichopinduliwa, anaitundika mifuko ya mbegu za Magoma kwenye dari lake, kando ya zile za babu, juu ya jiko lake, na moshi ulikuwa unamwingia machoni.